Jiko Linalomtii Fundi Tu

Jiko lilikuwa na wiki tatu tu tangu lijengwe, na tayari Zipora alikuwa amelitukana kwa lugha mbili. Asubuhi alilitukana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichotumia fundi alipomwapia kwamba moshi atausikia kwa majirani tu. Mchana, akirudi kutoka kumwagilia vitalu vya tumbaku na kukuta jikoni kumefuka mpaka paka amehama, alilitukana kwa Kisukuma, maana huko ndiko yaliko matusi yenye uzito.

"Haya, leo una nini?" aliliuliza, mikono kiunoni, macho yakimtoka machozi. "Kuni kavu nimekupa. Majivu nimekuzolea. Unataka nikununulie na soda?"

Jiko likampulizia moshi usoni.

Nyuma yake Mayu akakohoa. Mayu alikuwa mama mkwe wake, mama wa mume wake Mabula. Kwa Kisukuma mayu ni mama, na pale kijijini Ushetu hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya mtungi wa maji, amejiinamia, akikohoa kile kikohozi kirefu kinachomfanya anayekisikia ashike kifua chake mwenyewe. Zamani mwanamke huyu aliweza kukugombeza kuanzia kisimani mpaka mlangoni kwa pumzi moja, na ukifika mlangoni anakuambia hajamaliza. Siku hizi akisema maneno matatu, la nne linakatwa na kikohozi.

"Toka nje, Mayu, tafadhali. Utaniulia roho."

"Makande... yataungua."

"Yaungue!"

Na kilichomchoma Zipora ni kwamba jiko lenyewe lilijengwa kwa ajili ya kifua hicho. Mwezi wa sita walimpeleka Mayu hospitali Kahama, wote wakijua wataambiwa ni kifua kikuu. Daktari akaiinua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha, akamuuliza Mayu amepikia mafiga kwa miaka mingapi. Mayu akacheka, maana ni sawa na kumuuliza mtu amepumua miaka mingapi. Daktari akamvuta Zipora pembeni.

"Si TB," akasema. "Ni moshi. Mapafu yamechoka. Akipitisha masika nyingine ndani ya moshi wa namna hiyo, mama, mimi sikuahidi kitu."

Zipora alirudi nyumbani akihesabu miezi. Mayu ndiye aliyempokea akiwa bibi arusi asiyejua hata kupandikiza mche wa tumbaku. Ndiye aliyemzalisha mtoto wake Nelly kwa mikono yake mwaka ule mto ulipofurika na gari likashindwa kuvuka. Kabla ya mvua ilikuwa imebaki miezi mitano. Zipora akatoa mbuzi wake wawili, na zamu yake ilipofika mwezi wa tisa akaja Kalisti, fundi wa majiko banifu, mtu mwenye mikono ya udongo na mdomo usiopumzika.

Kalisti aling'oa mafiga, akajenga kwa tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu. Akaweka matundu mawili ya sufuria na bomba la bati lililopanda mpaka nje ya paa. Alipomaliza akawaita wote waone. Nyuma ya jiko, pale bomba linapoanzia, aliacha tofali moja bila kulijengea.

"Hili unalivuta hivi," alisema, akalivuta. "Umeiona shingo ya bomba? Masizi yakijaa, unayatolea hapa. Ukimaliza unarudisha. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa," alisema Zipora.

"Na wewe, Baba Nelly?"

Mabula akasema ameelewa kabla hata ya kuzaliwa kwa fundi. Mayu, kwenye kigoda chake, aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Sufuria nyeupe, macho makavu, kuni mbili zinaivisha ugali. Mayu akasema kwa kuwa sasa moshi hakuna, basi wamwache akae na chungu chake cha makande kila asubuhi Zipora anapokwenda vitaluni, kwani yeye si mgeni wa kukaa uani kuangalia kuku. Zipora akaona ni haki. Mtu aliyepika miaka sitini ukimfukuza jikoni, unamfukuza wapi? Siku ya nne akarudi saa sita, akakuta moshi unatokea dirishani.

Ndipo taabu ilipoanza. Kalisti kwenye simu alisema ni kuni mbichi. Zipora akapanga kuni juu ya bati la choo, akazianika mpaka zikawa zinalia ukizigonganisha. Moshi. Kalisti akasema basi amejaza mdomo wa jiko, na jiko linapumulia hapohapo mdomoni, mama, ukiliziba litavuta wapi hewa? Zipora akaweka vijiti viwili, vyembamba, kama anamlisha mgonjwa. Moshi. Labda sufuria haikai vizuri kwenye tundu lake: akaizungushia udongo. Labda kuna ufa: akaukandika kwa udongo wa kichuguu na samadi, akaukandika tena ulipokauka. Moshi, moshi, moshi. Siku moja akapanda juu ya bati na kamba, akashusha ndani ya bomba jiwe lililofungwa gunia, akalipandisha na kulishusha, huku Mabula ameshika ngazi na kutoa maelekezo kama hakimu. Alipoteremka, meno tu ndiyo yaliyokuwa meupe. Masizi aliyoyatoa hayakujaa kikombe.

"Nusu kikombe!" alipiga kelele. "Nimepanda juu ya nyumba na umri huu, kwa nusu kikombe!"

"Mimi nilikuambia," alisema Mabula. "Kwenye bani sisi hatufanyi hivyo."

Mabula alikuwa mkulima wa tumbaku, na bani, ile nyumba ya kukaushia majani kwa moto, ndiyo iliyokuwa chuo chake kikuu. Hakuna jambo duniani ambalo halikuwa na mfano wake bani. "Kwenye bani tunaweka gogo zima. Tunaziba matundu. Moto unalala humo wiki nzima, haufi."

"Mabula. Mimi nakausha tumbaku, au napika ugali?"

"Moto ni moto, Mama Nelly."

Siku Zipora alipokwenda kliniki kumchukulia Mayu dawa, bwana huyu akaingiza gogo zima la mninga kwenye jiko na kuziba mdomo wake kwa bati. Lilifuka mpaka kesho yake jioni. Zipora hakusema naye siku mbili, na siku ya tatu alisema naye kwa sababu tu alihitaji ngazi.

Kilichomtia wazimu hasa ni kwamba jiko lilikuwa linabagua. Asubuhi, uji unapikwa, bomba linavuta vizuri ajabu, unauona moshi mwembamba unapanda zake juu. Saa sita, balaa. Halafu Zipora akitoka kufuata kamba, au ngazi, au kumwita Mabula shambani, akirudi moshi umeanza kupungua. Analivuta tofali la nyuma, anachungulia shingo ya bomba: safi! Tupu! Unaweza kupitisha kuku.

"Linanijua," alimwambia Mayu. "Nakuapia, jiko hili linanijua."

Mayu akatazama pembeni, akakohoa.

Siku hiyohiyo, akiwa anazunguka kwa hasira, Zipora alikikanyaga kigae kilichoegemezwa kwenye mtungi, kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika ambacho Mayu alizoea kuchukulia makaa ya moto. Kikamuunguza dole gumba.

"Yesu wangu! Mayu, mchana wote huu makaa ulikuwa unampelekea nani?"

"Hakuna," alisema Mayu.

Hatimaye Kalisti akaja mwenyewe kwa pikipiki, ameshachoka kupigiwa simu. Na jiko, lile jiko lisilo na haya, likamtii kama mtoto mbele ya mwalimu. Akachemsha maji kufumba na kufumbua. Akanywa chai ya Zipora, akala sahani mbili za michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akatazama juu, akatazama chini, akajifuta mdomo.

"Jiko halina ubaya wowote, mama. Sasa, wakati mwingine ni mtumiaji..."

"Malizia," alisema Zipora.

Kalisti alikitazama kisu cha mboga mkononi mwa Zipora, akaona heri asimalizie. Akaongeza kipande cha bomba ili lipite mgongo wa paa, akasema sasa hata upepo wa kiangazi hautaurudisha moshi chini, akapanda pikipiki yake. Kesho yake saa sita, Zipora alilikuta wingu limejaa mpaka mlangoni na Mayu anakohoa ameinamia mtungi. Alipompigia Kalisti, simu ilikuwa imezimwa.

Jioni hiyo Mabula akasema lile ambalo Zipora alikuwa akiliogopa.

"Mvua zinakuja. Hatuwezi kupikia nje. Kama jiko ndio hili, mimi nampeleka Mayu Nkome kwa Noela." Noela alikuwa dada yake, mchuuzi wa dagaa kule ziwani. "Noela anapikia gesi."

"Siendi," alisema Mayu.

"Mayu, daktari amesema..."

"Dagaa... wananuka. Siendi." Akaingia ndani, kikohozi kikamfuata mpaka kitandani.

Zipora alibaki anaosha vyombo kwa kuvigonga. Aliona ameshindwa. Mbuzi wameondoka, jiko limebaki linamcheka, na yule aliyetaka kumwokoa anazidi kuisha mbele ya macho yake. Alilia, na hata hapo hakujua kama ni huzuni au ni moshi wa mchana ule.

Wiki ile ile, siku ya Alhamisi, mpini wa keni yake ya kumwagilia ukakatika huko vitaluni. Akarudi nyumbani saa nne kufuata waya wa kuufungia. Akiwa bado njiani, akaliona paa la jikoni kwake, na akasimama. Bomba lile jipya, refu, lililopita mgongo wa paa, lilikuwa kimya. Hata uzi wa moshi haukutoka. Na dirishani moshi ulikuwa unamiminika.

Akaiweka keni chini. Akavua ndala. Akanyata mpaka dirishani, nyumbani kwake mwenyewe, kama mwizi wa kuku.

Ndani ya ule moshi, Mayu alikuwa amesimama juu ya kigoda. Amejifunga khanga puani, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika kijiti, na kwa kijiti kile alikuwa anageuza mahindi ya mbegu yaliyoning'inia kwenye boriti. Anageuza fungu moja, anakohoa mpaka kigoda kinatikisika, anapumzika, anageuza jingine. Kando ya mtungi kigae hakikuwepo.

Zipora aliingia. Akapiga magoti nyuma ya jiko, akashika tofali kwa kitambaa, akalivuta. Kigae kilikuwa kimesimamishwa katikati ya shingo ya bomba, kimeziba barabara, kazi safi kuliko hata ya Kalisti. Akakichomoa. Jiko likavuta pumzi kwa kishindo, moshi ukageuka, ukaanza kurudi ulikotoka.

"Umerudi mapema," alisema Mayu kutoka juu ya kigoda, kama aliyevunjiwa heshima.

"Shuka, Mayu."

"Sijamaliza..."

"Shuka!"

Akamshusha, akamkalisha nje chini ya upenu, halafu yakamtoka yote. "Nimepanda juu ya bati! Nimeanika kuni kama ninaanika nguo! Nimegombana na fundi mpaka amenizimia simu, nimemnunia mume wangu, nimeunguza kidole! Kumbe mwenye kifua ndiye anayeziba! Unanifanya mimi mjinga, Mayu? Miaka kumi na moja nimekuwa nyumbani kwako, nimekukosea nini?"

Mayu alingoja, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kumkatiza. Kisha akanyoosha kiganja, akagonga juu yake hindi moja alilokuwa bado amelishika. Unga mweupe ukamwagika, na ndani ya unga vidudu vyeusi vikakimbia huku na huku.

"Dumuzi," alisema. "Tangu ung'oe mafiga. Mbegu haikai... bila moshi."

Zipora aliyajua mahindi yale, nani asiyeyajua? Kila mwaka baada ya mavuno Mayu aliyachagua mwenyewe, akayafunga manne manne kwa maganda yake, akayatundika juu ya moto, na mkono wa mtu mwingine haukuyagusa. Katika nyumba ile mbegu ilikuwa ya mwenye jiko, na mwenye jiko alikuwa yeye.

"Alinipa mama mkwe wangu... tulipotoka Kishapu na ng'ombe," alisema Mayu, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mwaka wa njaa tulikula... mizizi. Tulichemsha ngozi. Hii hatukuila."

"Sasa si ungesema?"

"Mwaka jana ulisema... zipo dukani. Kwenye pakiti. Nilikusikia."

Ni kweli alisema. Alisema akicheka, mbele ya wageni, na wageni nao wakacheka. Zipora aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira, maana hakuna kinachoudhi kama kugombana na mtu halafu ukute ana haki kidogo.

"Kwa hiyo ufe wewe, mahindi yapone? Ndiyo hesabu yako?"

"Mimi nina wewe," alisema Mayu. "Mahindi hayana mtu."

Zipora alikaza khanga kiunoni. Akaingia ndani, akakichukua kile kigae, akakipiga kwenye jiwe la mlangoni kikavunjika vipande. "Nisikilize vizuri, Mayu. Mbegu itapata moshi. Wewe hutapata. Piga ua, hutapata."

Mabula alipoelezwa, uso ulimng'aa mpaka Zipora akajuta kumweleza. "Hapo," alisema, "ndipo panapotakiwa bani."

Angalau hapo alikuwa na maana. Kibanda kidogo nyuma ya nyumba, cha ukubwa wa banda la kuku. Moto unawashwa nje, shimoni. Moshi unapita chini kwa chini na kuingia. Gogo moja, matundu yamezibwa, halihitaji mtu wa kulichochea. Lakini Mabula ni Mabula. Kwa siku kumi na nane alikuwa anaanza kesho. Kesho kuna kikao cha ushirika, kesho mgongo, kesho udongo haujalainika. Wakati huo wote Zipora aliyafukia mahindi kwenye majivu ya jiko ili wadudu wasimalizie kazi, na kila asubuhi aliyazoa majivu yale na kuongeza mengine, huku akimsemesha mume wake maneno ambayo hayafai kuandikwa. Jiko nalo, bila kigae shingoni, lilivuta asubuhi, mchana na jioni. Hakulisifu hata mara moja. Bado alikuwa amelinunia.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya upande wa Kahama, kibanda kikakamilika, na siku hiyohiyo ya kwanza kikafanya kazi bila kosa lolote. Mabula akasema, "Moto ni moto." Zipora akamtengea ugali, akanyamaza, na kunyamaza kule kulimgharimu.

Alasiri wakatoa mahindi majivuni na kukaa uani kuyachambua. Yaliyotobolewa wakawatupia kuku. Yakabaki nusu, na nusu ile ilikuwa mizima. Zipora akamsogezea Mayu lile rundo, kama ilivyokuwa desturi, ili ayafunge.

Mayu akalirudisha rundo kwa mguu. "Funga wewe. Mikono yangu inatetemeka."

Mikono haikuwa inatetemeka hata chembe. Zipora aliitazama, akamtazama mwenye mikono, na Mayu akageuka kuangalia kuku. Basi akachukua mahindi manne, akayafunua maganda nyuma, akayasuka jinsi alivyoona yakisukwa kwa miaka kumi na moja, akakaza fundo, akaliinua lionekane. Alijiona amefanya vizuri kabisa.

Mayu akalichukua, akaligeuza, uso ukamkunjamana.

"Hili ni fundo gani sasa, Zipora, hili ni fundo la kufungia mbuzi, umekaza shingoni ganda litakatika kabla ya mwezi kuisha mahindi yadondoke usiku panya wayale, na umechanganya hindi la mistari kumi na hindi la mistari kumi na miwili kana kwamba huna macho, na hili la tatu limepinda nani alikuambia mbegu inapinda, miaka yote hii umekaa humu jikoni ulikuwa unaangalia nini, na huyo Mabula asidhani sijaona ameacha tundu upande wa magharibi moshi wote unampasha moto mbuzi wa jirani, fungua, fungua yote, tuanze upya!"

Zipora alikuwa ameinamisha kichwa, mabega amekaza, akikingoja kikohozi. Alikingoja kama alivyokingoja kila mara kwa mwaka mzima, mkono tayari kumshika mgongo. Kuku waliparura. Mabula akaacha kunawa mikono.

Hakikuja.

"Umeziba masikio?" alisema Mayu. "Nimesema fungua."

Zipora akafuta macho kwa ncha ya khanga. Safari hii hapakuwa na moshi wa kuusingizia. Akafungua fundo, akaanza upya.